Tai Juu ya Paa Letu

Jumatatu, 12 Mei

Dume amerudi mapema na samaki. Tilapia wa kadiri, bado anapigapiga mkia. Ametua kwenye paa letu, upande wa jikoni, akala kichwa kwanza. Kilichobaki akakipeleka kwenye kiota. Jike akapokea bila kumwangalia. Kisha wakaita pamoja, vichwa vimelazwa nyuma, mpaka tai wa upande wa pili akajibu kutoka kwenye nguzo ya stima.

Mpaka wao haujabadilika. Kutoka nguzo hiyo hadi kanisa lililozama. Anayevuka anafukuzwa.

Baridi juu ya slebu, hii sakafu ya zege ya juu kabisa. Mwenye fleti hii aliacha kujenga maji yalipofika getini kwake. Ghorofa tatu bila madirisha, bila watu. Mimi tu, kiti cha plastiki, na darubini niliyopewa na Daktari Chebet, yule wa chuo anayetafiti tai wa samaki na kunilipa niwatazame. Kutoka hapa naiona nyumba yangu vizuri kuliko nilivyoiona nikiishi ndani. Maji yamepita vizingiti vya madirisha. Mgunga wa nyuma umekauka umesimama majini, na kiota kiko juu yake.

Siku ya kwanza Daktari aliniuliza kama itaniumiza kuitazama kila siku. Nikamwambia hapana. Ilikuwa kweli. Niliitazama kama nyumba ya jirani aliyehama. Bado ni hivyo.

Jumatano, 14 Mei

Vifaranga ni wawili. Leo vichwa vimeonekana, vyeupe kama pamba iliyochafuka. Mmoja mkubwa, mmoja mdogo.

Jike hulisha anayenyoosha shingo kwanza. Ni mkubwa kila mara.

Jumatatu, 19 Mei

Shikuku, mume wangu, ametoka kabla ya jua na mkoba wake wa kazi. Anasema amepata kibarua Salgaa, kuchomelea trela za malori. Afadhali. Tangu tuhamie vyumba hivi viwili vya kupanga amekuwa akikaa kitandani akiangalia ukuta.

"Umebeba chakula?"

"Nitakula huko."

Hayo ndiyo mazungumzo ya leo. Miaka thelathini na moja ya ndoa.

Tai dume hakuvua. Alikaa kwenye mgunga akingoja mnandi, yule ndege mweusi anayepiga mbizi, aibuke na samaki. Akamshukia. Mnandi akaachilia. Hivyo tu. Nimeona hivyo mara nyingi siku hizi. Kumnyang'anya mwenzako ni rahisi kuliko kulowa.

Jumanne, 27 Mei

Mdogo hayupo.

Nilitazama yote. Mkubwa alimdonoa kichwani, akapumzika, akamdonoa tena. Jike alikuwa amesimama pembeni na samaki mguuni. Hakuzuia. Mdogo aliinamisha kichwa, akaendelea kukiinamisha, halafu sikukiona tena.

Nilimpigia Daktari. "Ni kawaida, mama. Mkubwa humuua mdogo." Nikamwambia chakula hakijapungua. Akasema hata hivyo. Akauliza kama niko sawa.

Niko sawa. Nilipika sukuma, nikafua, nikajaribu kumfikiria yule mdogo ili nione kama kutatokea kitu. Hakikutokea kitu. Nilifikiria mazishi ya mama. Hapo pia hakuna.

Jumanne, 3 Juni

Mvua usiku kucha. Ziwa limepanda tena, kidogo. Kupitia dirisha naona maji yamefikia ile rangi ya bluu tuliyopaka nusu ya juu ya kuta za sebule. Shikuku ndiye aliyechagua bluu.

Leo kulikuwa na mtu kwenye chelezo cha majerikeni karibu na nyumba. Si Baraka. Baraka ni kijana wa jirani mwenye mke na watoto, huvua upande wa huku kwenye kina kifupi kwa sababu kule kanisani kuna viboko. Huyu hakuwa na wavu. Alikaa tu. Tai walimpigia kelele mpaka akaondoka nyuma ya nyumba, sikuona alikoelekea.

Jumatatu, 9 Juni

Yule mtu amepanda juu ya paa.

Dume alimshukia mara tu aliposimama. Mtu akajikinga kichwa na mkoba. Jike naye akaja. Nikasogeza darubini ili nione wanapiga kwa kucha au wanatishia tu.

Ni koti la kahawia. Kiraka cha kiwiko nilishona mimi.

Niliendelea kutazama kwa sababu hiyo ndiyo kazi yangu. Wanatishia tu. Wanapita juu ya kichwa bila kumgusa. Shikuku alikaa kwenye mgongo wa paa, miguu huku na huku kama amepanda punda, na hakufanya kitu chochote mpaka nilipoondoka.

Jioni alirudi baada yangu.

"Salgaa kulikuwaje?"

"Vumbi. Trela mbili."

Viatu vyake vilikuwa na matope ya ziwa. Nilimpakulia. Akala. Nikaosha vyombo.

Alhamisi, 12 Juni

Nilidhani ameenda kung'oa mabati kabla wezi hawajayafikia. Ningeelewa. Lakini hagusi bati hata moja. Anakaa. Mchana anatoa mkate, anakula, anarusha makombo majini.

Anajua ninapokaa. Yeye mwenyewe ndiye aliyenibebea kiti hiki mpaka juu, mwezi wa tatu. Anajua darubini inaelekea wapi.

Sijamwambia kitu. Nikisema nimemwona, itabidi niseme na kitu kingine baada ya hicho, na sijui ni kipi.

Jumanne, 17 Juni

Daktari amepiga simu. Amesoma niliyomtumia. Ana wasiwasi tai watakiacha kiota wakisumbuliwa sana.

"Huyo mtu anayepanda kwenye ile nyumba ni nani? Tunaweza kuongea na yeye?"

"Sijui ni nani."

Nilisema hivyo bila kupumua mara mbili. Halafu nikarudi kutazama. Jike alikuwa amefunika kifaranga kwa bawa, jua lilikuwa kali. Shikuku amefunika kichwa kwa koti.

Alhamisi, 26 Juni

Wamemzoea.

Leo dume alitua na samaki upande wa jikoni, Shikuku akiwa upande wa sebule, na wala hakuinua mabawa. Alimrarua samaki pale pale. Lakini yangeyange wawili, wale ndege weupe, walipojaribu kutua mwisho wa paa, aliwafukuza mpaka nje ya mpaka. Kwa hiyo si kwamba amelegea. Ni Shikuku tu amekubaliwa.

Nimeona midomo ya Shikuku ikienda. Anaongea na yule ndege. Aliongea kwa muda mrefu, akionyesha kwa mkono upande wa bafuni, kisha kule tulikokuwa na kuku, kama anamtembeza mgeni kiwanjani.

Nilihisi kitu. Kidogo, kama mwiba uliovunjikia ndani. Nadhani ulikuwa wivu. Hajaniambia mimi maneno mengi hivyo tangu tuhame.

Jumatano, 2 Julai

Nekesa, binti yetu, amekuja kutoka mtaa wa Free Area na unga na maparachichi. Amerudia yaleyale. Nyuma ya nyumba yao kuna chumba. Kina mlango wake. Mume wake amekubali.

"Mama, mnangoja nini hapa?"

Nikasema kazi yangu iko hapa. Nikasema baba yake naye anatoka hapa kwenda Salgaa.

"Baba yuko Salgaa?" Akaweka kikombe chini. "Mume wangu analala Salgaa na lori kila wiki. Hajawahi kumwona."

"Salgaa ni kubwa."

Salgaa si kubwa. Aliniangalia kwa muda. Sura ya baba yake kabisa. Kisha akaanza kumenya viazi, na baadaye nikamsindikiza stendi.

Jumanne, 8 Julai

Vita leo. Tai mgeni, mkubwa, manyoya yamekamilika, alivuka kutoka upande wa nguzo akakaa kwenye mgunga wenyewe. Jike wetu alimrukia. Walishikana kucha kwa kucha hewani wakaporomoka wakizunguka kama kitambaa kinachokamuliwa, wakaachana karibu kabisa na maji. Mgeni akaondoka. Jike akarudi akakaa kando ya kifaranga, mdomo wazi, bawa moja limening'inia.

Shikuku alikuwa amesimama wima juu ya paa akitazama. Alikuwa amevua kofia.

Ni hapo niliposhusha darubini kumfuata, nikauona ufa. Ukuta wa jikoni, kutoka kona ya dirisha hadi kwenye boriti ya paa. Ulikuwepo tangu mwaka jana, mwembamba. Sasa naona mwanga wa maji upande wa pili. Maji yamekula matofali. Na yeye anakaa juu yake, hawezi kuuona.

Jioni nilijaribu.

"Baba Nekesa."

"Mm?"

"Chumvi iko sawa?"

"Iko sawa."

Alhamisi, 10 Julai

Kiwanja kile tulikinunua wakati ziwa lilikuwa mbali. Tulilijua kwa harufu tu, upepo ukigeuka. Mimi nilikuwa nashona pindo za blanketi kiwandani, yeye alikuwa na karakana yake ndogo. Babu yake aliletwa Nakuru na reli akafa kwenye nyumba ya reli. Baba yake vilevile. Shikuku alisema yeye atakufa kwenye nyumba yake. Ni yeye aliyekiona kiwanja. Mimi nilitaka kile cha juu, barabarani, kidogo na chenye mawe. Akasema pale chini udongo ni mzuri. Nikakubali.

Maji yalipoingia sikumlaumu. Sikumwambia pia kwamba simlaumu. Nilikunja mapazia. Nilibeba sufuria. Watu walisema Mama Nekesa ana nguvu. Haikuwa nguvu. Hakukuwa na kitu ndani cha kulia nacho.

Jumatatu, 14 Julai

Kifaranga sasa ni mkubwa karibu kama mama yake, wa kahawia, ana madoadoa. Anasimama ukingoni mwa kiota, anapiga mabawa, anainuka kidogo, anaogopa, anashika matawi. Daktari anataka sana tuione siku ya kuruka mara ya kwanza. Anasema nisikose hata asubuhi moja.

Nilimwendea Baraka akitengeneza nyavu. Nikamwomba akipita kule amwambie yule mtu wa juu ya paa kwamba ukuta umepasuka.

Akaniangalia. "Mathe, yule si mzee wako?"

Nikatazama nyavu zake.

"Sisi tulidhani unajua. Si wewe ndio uko na darubini?"

Mtaa mzima unajua.

Saa kumi alinirudia. Alikuwa amemwambia. "Amesema hiyo nyumba alijenga na mikono yake, anajua ukuta wake. Nikamwambia mzee, maji haijui fundi. Akacheka."

Alicheka. Sikumbuki Shikuku akicheka.

Ijumaa, 18 Julai

Leo nitamwambia.

Sikumwambia. Alikuja amelowa, akalala mapema na uso ukutani. Niliketi kwenye stuli nikiangalia mgongo wake. Mgongo ule naujua kuliko uso wangu. Nilifungua mdomo. Nikaufunga. Nikazima taa.

Jumanne, 22 Julai

Naandika hospitalini, kwenye benchi. Herufi zinatoka vibaya. Nitaandika hivyo hivyo.

Upepo ulianza asubuhi kutoka upande wa mlima Menengai. Mawimbi madogo. Kifaranga alikuwa ukingoni, mabawa wazi, upepo unamwinua. Nilifikiri ni leo. Nilikuwa nimemkazia macho yeye. Dume alikuwa kwenye paa na samaki. Ghafla akaacha samaki akaruka. Halafu jike. Sikuelewa kwa nini. Nikashusha darubini.

Ukuta wa jikoni haukuwepo. Paa lilijikunja katikati polepole kama mtu anayepiga magoti, na Shikuku akateleza nalo.

Nilipiga kelele. Niliita jina lake, lile la ujana ambalo sijalitumia tangu Nekesa azaliwe. Asingeweza kusikia kutoka kule, na bado niliita. Sauti ilikuwa kubwa, sikuijua. Kisha nilikuwa chini kwenye matope na Baraka alikuwa anavuta chelezo chake nje ya maji.

"Mzee ameanguka. Nyumba imeanguka."

Akatazama. "Mathe, viboko wako hapo kanisani. Nimewaona saa hii."

"Basi nipe kasia niende mwenyewe."

"Huwezi."

"Nipe!"

Hakunipa. Alirudisha chelezo majini, nikapanda mbele yake, na hakubishana. Tulipita juu ya barabara yetu. Tulipita kando ya geti la jirani zetu, akina Mama Wangui. Niliona kamba yangu ya nguo imefungwa kwenye nguzo yake, inatoka majini, inaingia majini. Upande wa kanisa, kichwa kimoja cha kiboko kiliibuka, masikio yakapepea, kikatuangalia. Baraka aliacha kupiga kasia. Tulikaa hivyo tukielea. Alikuwa ananong'ona maombi. Kichwa kikazama. Hatukujua kimezamia upande gani. Akapiga kasia kama mwendawazimu.

Shikuku alikuwa ameshika boriti, maji kifuani, mguu umebanwa chini ya mabati. Uso wake ulikuwa wa kijivu. Tai walikuwa juu yetu wakilia na kuzunguka. Kifaranga alikuwa amejilaza kabisa ndani ya kiota, sikumwona ila bawa.

Aliponiona hakushangaa.

"Mama Nekesa, rudi. Maji ni mengi."

"Nyamaza. Shika bega langu."

Baraka aliingiza kasia chini ya bati akainua. Kasia likapasuka. Akaingia majini mwenyewe akainua kwa mgongo. Shikuku alipiga yowe moja, akawa huru. Tulimlaza kwenye chelezo kama gunia, na Baraka akaogelea nyuma akisukuma, mpaka kwenye kina cha kusimama. Njia nzima nilimshika Shikuku kola. Niliishika hata kwenye gari la kwenda hospitali. Nesi ndiye aliyenifungua vidole.

Jumatano, 23 Julai

Mguu umevunjika mahali pawili. Watamfanyia upasuaji. Mbavu ziko salama. Ana homa kwa sababu ya yale maji.

Nekesa amekuja. Alilia mara moja, kwa sauti, mbele ya watu. Nilimwonea wivu jinsi ilivyomjia kwa urahisi.

Baraka amekuja na mke wake na chai kwenye chupa. Nilijaribu kumshukuru. Akasema, "Wacha, mathe. Hata mimi sikuwa najua naweza."

Simu ya Daktari imelia mara kadhaa. Sijashika.

Jumanne, 29 Julai

Nimerudi kwenye slebu kwa asubuhi moja. Kiota ni kitupu.

Nilitafuta kwa darubini mpaka macho yakauma. Yuko kwenye paa la kanisa, kijana wa kahawia, anaomba chakula kwa kelele. Dume amemletea samaki. Alitua vibaya akaanguka kifudifudi akasimama tena.

Aliruka siku ambazo sikuwepo. Hakuna aliyemwona.

Nilimpigia Daktari nikamwambia. Nikamwambia pia yule mtu wa juu ya paa alikuwa mume wangu.

"Pole sana, mama. Mbona hukusema?"

"Sikuwa nasema kitu kwa mtu yeyote."

Akasema hakuna shida kuhusu kifaranga. Najua kuna shida, alikuwa ameingojea siku ile kuliko mimi. Mimi sikusikitika. Nilikuwa mahali pangu.

Nyumba imebaki kuta mbili na kipande cha paa. Dume bado hula samaki wake hapo.

Jumapili, 3 Agosti

Shikuku ametolewa hospitali. Tuko Free Area, chumba cha nyuma. Kina mlango wake, ndiyo.

Tuligombana leo. Naandika kwa sababu ni mara ya kwanza kwa miaka mingi.

Nilimkalisha nje kwenye jua, mguu wa plasta juu ya kreti. Nekesa ana mpapai. Ndege wale wenye mikia mirefu ya kuning'inia walikuwa wanatoboa papai lililoiva, na Shikuku akachukua gongo lake la kutembelea akalitupa kuwafukuza. Gongo likapiga beseni ya nguo nilizosuuza. Beseni ikamwagika kwenye udongo.

Nikaanza na nguo. Sikujua kama kuna kitu nyuma ya nguo. Kilitoka chote. Nilimwambia ni mwongo. Nilimwambia trela mbili, trela tatu, na mimi napakua chakula kama mjinga. Nilimwambia alikuwa anataka kufa kule juu mbele ya macho yangu na nifanye nini, niandike?

"Nilienda Salgaa," akasema. "Siku za kwanza nilienda kweli. Wakanitazama wakasema mzee, hapa tunataka vijana. Niliona haya kurudi nyumbani mapema. Ndio nikaenda pale."

"Ulijua nakuona."

"Nilijua."

"Sasa?"

"Nilisema jioni ataniuliza. Nikangoja. Hukuuliza." Alikuwa anaangalia mguu wake. "Nikasema labda kesho. Nikarudi. Kila siku nilikuwa nakaa pale nasema leo Mama Nekesa atakasirika. Atanitukana. Ni mimi nilisema tununue kile kiwanja. Wewe ulitaka kile cha mawe. Maji imeingia, imemaliza kila kitu, na wewe hujaniambia hata neno moja. Hata moja! Unakunja mapazia. Mtu atakaa aje na hiyo?"

"Ulitaka nikulaumu?"

"Ndiyo!"

Basi nikamlaumu. Nilimlaumu kwa kiwanja, kwa udongo mzuri, kwa bluu ya sebule, kwa kuongea na tai. Nilimlaumu mpaka Nekesa akatoka jikoni na mwiko mkononi na jirani akachungulia juu ya ua. Nilikuwa nalia. Sijui nilianza lini. Kamasi, kila kitu. Yeye naye alikuwa analia, na alikuwa anaitikia, "Ndiyo. Ndiyo. Endelea."

Nekesa alirudi ndani akafunga mlango.

Baadaye nilisuuza nguo upya. Shikuku alikamua zile ndogo akiwa amekaa.

Jumatano, 6 Agosti

Nimelala usingizi mpaka jua likaingia. Kichwa kinauma, macho yamevimba. Kifua kinauma pia, kama mtu aliyebeba mizigo jana yake.

Hatujaongea sana. Lakini amesema chai ina majani mengi, nikamwambia ajipikie.

Jumanne, 19 Agosti

Nimerudi kazini. Daktari ameniomba nimalize mwaka, nimekubali. Natoka Free Area asubuhi na bodaboda.

Leo Shikuku amekuja na mimi. Alisema amechoka na mpapai. Hakuweza kupanda ngazi na magongo yale, kwa hiyo nilimwacha chini, kwenye rundo la mawe ya mwenye fleti, kwenye kivuli. Kutoka pale haoni ziwa. Ukuta unamziba.

Kipande cha mwisho cha paa kimezama. Nilikaa kidogo kabla ya kumwambia. Nilimwita nikamwambia. Akauliza dume yuko wapi.

"Kwa mgunga. Tawi la chini."

"Na huyo mtoto?"

"Anamfuata mama yake. Sasa wanamfukuza."

"Wanamfukuza kwa nini?"

"Amekuwa mkubwa. Atafute kwake."

Nilisikia akiwasha redio ndogo, akaizima. Kulikuwa na ukungu ng'ambo ya ziwa na wari, wale ndege wa midomo mikubwa, wamepanga mstari. Dume akashuka majini, miguu mbele, akainuka.

"Ameshika?" Shikuku akauliza. Alikuwa amesikia ule mlio.

"Ameshika."

"Mkubwa?"

"Wa kadiri."

"Anakulia wapi?"

Nikamfuata kwa darubini. Alizunguka mara moja pale paa lilipokuwa, akaenda kwenye nguzo ya geti la Mama Wangui.

Nikamwambia.